Siku Moja Kisiwani Mbudya: Wajibu wa Mgeni katika Eneo Tengefu



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa dogo: namna ya kuandaa ziara ya siku moja katika kisiwa cha matumbawe kilichohifadhiwa na sheria. Yamkini wamo humu watakaojiuliza pana nini hapo hata pawe na mazungumzo marefu. Watu hukusanya nauli, hupanda chombo, huoga, hula samaki, kisha hurudi makwao kabla ya magharibi. Na lau kisiwa kingalikuwa ni mchanga na kivuli tu, maneno hayo yangalitosha, nami ningaliketi.

Lakini kisiwa ninachokikusudia ni Mbudya, kilichoko mbele ya pwani ya Kunduchi hapa Dar es Salaam. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kuwa maeneo tengefu ya bahari. Maeneo hayo sasa yanaongozwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29 ya mwaka 1994. Na mwaka 2007 visiwa vingine vilivyo karibu na jiji hili, miongoni mwao Sinda na Makatumbe, vikaongezwa katika orodha hiyo. Maana ya neno "tengefu" ni nzito. Ni mahali palipotengwa: hapavuliwi samaki, haping'olewi tumbawe, hapachukuliwi kombe. Mgeni anaruhusiwa kufika, kutazama, kuogelea, kupumzika na kujifunza, kisha aondoke akiwa ameacha kila kitu mahali pake.

Sasa, ndugu zangu, bahari ile haikuwa tupu kabla ya kutengwa. Palikuwa na wavuvi waliorithi maeneo yale kwa baba zao na babu zao, waliojua kila fungu na kila mwamba kwa jina. Taifa lilipoamua kuyatenga, wao ndio walioambiwa wapeleke nyavu zao kwingine. Gharama ya kwanza ya hifadhi ililipwa na mvuvi, wala haikulipwa na sisi tunaokwenda kupunga upepo. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayekanyaga mchanga wa Mbudya anaingia katika deni. Mvuvi ameambiwa asichukue hata changu mmoja ili miamba ipate kupona. Itakuwaje basi kundi la watu waliosoma lifike pale siku ya Jumamosi, liikanyage miamba hiyo hiyo kwa viatu, liondoke na mifuko ya makombe, na kuacha nyuma chupa za plastiki? Sheria inaweza kumzuia mvuvi kwa faini na kifungo. Mguu wa mgeni hauna wa kuuzuia isipokuwa mgeni mwenyewe, naye hujizuia vema zaidi iwapo alijiandaa kabla ya kutoka nyumbani. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo.

KISIWA NI NINI

Mtu hawezi kukitunza kitu asichokijua. Tuanze basi na kukijua.

Mbudya ni mwamba wa matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, mwamba huo ulikuwa chini ya maji, hai, umejaa samaki. Bahari ilipopwea na kushuka, mwamba ukabaki juu, ukakauka, ukawa jiwe. Ndiyo sababu mwenye kutembea nje ya ufuko hukuta mawe makali yenye matundu, na miti iliyopenyeza mizizi yake katika nyufa, mibuyu ikiwa miongoni mwake. Hakuna mto, hakuna kisima cha kutegemea, wala hakuna kijiji. Chini ya maji yanayokizunguka, matumbawe ya leo yanaendelea na kazi ile ile waliyoifanya wahenga wao.

Tumbawe si jiwe, wala si mmea, ingawa linafanana na vyote viwili. Ni mjumuiko wa wanyama wadogo mno, kila mmoja akiwa na kinywa na mikono midogo ya kunasia chakula, ambao hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno ambao, kama majani ya mti, hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wake. Ndiyo maana matumbawe huhitaji maji maangavu yasiyo na tope. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, tumbawe hupauka likawa jeupe, na hali hiyo ikiendelea hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo, na kupauka kukaonekana tena mwaka 2016.

Ujenzi wa nyumba hizo huenda polepole. Yale matumbawe ya mviringo, yaliyo kama vichwa vikubwa, hukua kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Yale yenye matawi huenda kwa kasi zaidi, lakini nayo ndiyo huvunjika upesi. Kwa hesabu hiyo, kichwa cha tumbawe chenye kimo cha nusu mita kina umri upatao miaka 50. Kilianza kujengwa kabla mwalimu kijana aliyeketi humu hajazaliwa. Mtoto mmoja akikipanda ili apigwe picha, na kikavunjika, hakuna fundi wala fedha ya kukirudisha katika maisha yake.

Faida ya miamba hii haiishii kwenye uzuri. Samaki wengi tunaowala, kama changu, pono, tasi na chewa, hupata humo maficho, chakula na mahali pa kukulia. Samaki wakiongezeka ndani ya eneo tengefu, wengine hutoka nje na kuingia katika nyavu za mvuvi yule yule aliyezuiwa kuvua ndani. Hayo ndiyo malipo tuliyomwahidi. Tena miamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Wakazi wa Kunduchi wanaijua thamani ya jambo hilo, maana wameiona bahari ikila ufuko wao kwa miongo kadhaa, uchimbaji wa mchanga katika mito ukizidisha hasara, hata ikabidi kuta za mawe zijengwe.

Adui mkubwa wa miamba ya pwani yetu amekuwa baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilipiga marufuku uvuvi huo, na Sheria Namba 22 ya mwaka 2003 ikaukataza pia, lakini kwa miaka mingi mshindo wake uliendelea kusikika kuanzia Tanga hadi Mtwara. Baruti moja huua samaki wakubwa na wadogo bila kubagua, na hugeuza mwamba kuwa kifusi. Nasi watu wa mijini tuna sehemu yetu katika dhambi hiyo, kwa kuwa samaki wa baruti hawakuliwa na waliowaua peke yao. Waliletwa sokoni, nasi tukawanunua.

KUSUDI NA RUHUSA

Maandalizi ya ziara huanza na swali moja: tunakwenda kufanya nini? Mwalimu anayejibu kwamba anakwenda "kuwatembeza watoto" hajajibu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, aliieleza hatari ya shule inayojitenga na maisha ya jamii inayoizunguka. Mtoto wa Dar es Salaam anayefundishwa juu ya simba wa Serengeti, asijue nini kilichomo katika maji anayoyaona kila siku akiwa garini, amejitenga na mazingira yake mwenyewe. Basi kusudi liandikwe: darasa hili litajifunza juu ya kujaa na kupwa kwa maji, lile juu ya viumbe wa pwani, jingine juu ya kazi ya uvuvi. Kusudi likijulikana, idadi ya watu, siku na vifaa hupangika vyenyewe.

Baada ya kusudi huja ruhusa. Kisiwa kiko chini ya taasisi ya umma inayosimamia hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na kila anayeingia hulipa ada. Shule ipeleke barua mapema, itaje idadi ya wanafunzi na walimu, siku na kusudi, na iulize utaratibu na viwango vya wakati huo, maana viwango hubadilika. Hapo nina neno kwa watumishi wa umma wenzangu. Wako watu ambao, kwa kuwa wana cheo ofisini, huona haya kulipa wanachokilipa wengine. Hufika, hutaja jina la idara, na humtazama mhifadhi kijana kwa jicho la kumtisha. Ada ile ndiyo mafuta ya boti ya doria. Mtumishi anayeikwepa hana tofauti na yule anayechomoa nati katika gari la Serikali, na ubaya wake unazidi pale anapofanya hivyo mbele ya wanafunzi waliokuja kujifunza uraia.

MWEZI NA PEPO

Siku ya ziara isichaguliwe kwa kalenda ya ukutani peke yake. Bahari ina kalenda yake, na wazee wetu waliijua kwa kuutazama mwezi.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na zaidi kidogo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Katika siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 alasiri. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, na saa zake hugeuka: kujaa huangukia katikati ya asubuhi.

Hebu tazameni maana ya jambo hili kwa mwalimu. Akiwachukua watoto siku ya bamvua bila kujua, watafika kisiwani wakati miamba imekaribia kuwa wazi. Chombo hakitaweza kusogea karibu na nchi. Watoto watashuka majini mbali, watembee juu ya matumbawe hai hadi ufukoni, na wataanza siku yao ya kujifunza hifadhi kwa kuivunja. Akiwachukua siku ya maji mafu, chombo kitafika hadi mchangani, hakuna atakayelazimika kuukanyaga mwamba, na mikondo ya maji haitakuwa na nguvu ya kumchukua mtoto asiyejua kuogelea. Kwa darasa la watoto, basi, maji mafu ndiyo siku yao. Bamvua iachiwe kundi dogo la watu wazima wanaotaka kuona viumbe wa pwani wakiongozwa na mhifadhi, wakipita mchangani na kuukwepa mwamba.

Baada ya mwezi, pepo. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, nacho hupata nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Kaskazi hushika zamu mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Baina yao huja malelezi, bahari inapotulia. Shule nyingi hupenda kufanya ziara mwezi Juni kwa sababu masomo yamekaribia kufungwa, kumbe ndio wakati kusi limechachamaa. Ni afadhali kungoja Oktoba au Novemba, au kuchagua siku tulivu za Februari. Na katika siku yoyote ile, upepo huongezeka alasiri. Msafara uondoke Kunduchi mnamo saa 2 asubuhi, na uanze kurudi kabla ya saa 9 alasiri. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu; shule jirani kwenda salama Jumamosi iliyopita si ushahidi kwamba Jumamosi hii bahari itakuwa vile vile. Nahodha aulizwe siku moja kabla na aulizwe tena asubuhi ile. Akisema bahari si nzuri, ziara iahirishwe, hata kama wali umekwisha kupikwa.

CHOMBO NA IDADI

Ndugu Mwenyekiti, nchi hii imekwisha kulipa karo kubwa mno kwa somo la vyombo vilivyojaza watu. Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Mamia ya ndugu zetu walipotea, na katika misiba yote hiyo neno lililorudiwa ni kupakia kupita kiasi. Msiseme kwamba safari ya Mbudya haifiki nusu saa kwa boti ya injini. Mtoto huzama kwa dakika chache, na MV Nyerere ilikuwa imekaribia gatini.

Kwa hiyo kiongozi wa msafara aulize chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, ahesabu majaketi ya kujiokolea kwa mkono wake mwenyewe, na ahakikishe kila mtoto amevaa lake na amefungwa kabla nanga haijang'olewa. Jaketi lililorundikwa chini ya benchi halimwokoi mtu. Orodha ya majina iandikwe nakala mbili, moja ibaki nchi kavu kwa mtu anayejulikana. Watu wahesabiwe wanapopanda, wanaposhuka, kabla ya chakula, na wanapopanda kurudi. Tena awepo kiongozi mmoja mwenye neno la mwisho, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Walimu sita wakitoa amri sita, mtoto wa saba atafanya atakalo.

Idadi ni jambo la usalama, na ni jambo la hifadhi vile vile. Shule yenye wanafunzi 120 wa darasa moja isiwapeleke wote kwa pamoja. Iwagawe katika makundi manne ya watoto 30, kila kundi na juma lake. Ufuko wa Mbudya unaofaa kwa kuogelea ni mfupi, nao hupokea watu wengi siku za mapumziko. Mwalimu anayeweza kwenda siku ya kazi, kwa ruhusa ya wakuu wake, atakikuta kisiwa kina nafasi na mhifadhi ana wasaa wa kuwaeleza watoto jambo.

Natoa mfano kutoka Zanzibar. Kisiwa cha Chumbe, kilichoko kusini magharibi ya mji wa Zanzibar, ambacho mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Kinaendeshwa na kampuni binafsi kwa mapatano na Serikali ya Mapinduzi. Wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni wachache, na anayetaka kwenda ajulishe mapema. Askari wa hifadhi wa mwanzo walitoka katika wavuvi wa vijiji vya karibu, wakafundishwa kazi mpya, na maarifa yao ya bahari yakageuzwa kuwa ulinzi wa bahari. Mapato yatokanayo na wageni husaidia kugharimia ziara za masomo za wanafunzi wa Unguja na walimu wao, ambao huingia majini wakiwa na maboya na kuliona tumbawe hai kwa macho yao. Mtu anaweza kuhoji kama kisiwa cha nchi chapaswa kuwa mikononi mwa kampuni, na swali hilo ni halali. Lakini utaratibu wa idadi ndogo, maelezo kabla ya kuingia majini, na mvuvi kugeuka mlinzi na mwalimu, ni utaratibu tunaoweza kujifunza bila kungoja kampuni yoyote.

MZIGO WA KWENDA NA WA KURUDI

Maji ya kunywa yatoke nyumbani, katika madumu na vyombo vya kutumika tena, kwa kadiri ya lita 2 kwa kila mtu. Kofia, shati la mikono mirefu na kanga ya kujitandia hufaa kuliko mafuta ya kujipaka, kwa kuwa baadhi ya mafuta hayo yana dawa zinazodhuru matumbawe. Sanduku la huduma ya kwanza lisisahauliwe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni, 2019, basi chakula kifungwe katika vikapu, mabakuli na majani ya mgomba kama walivyofanya mama zetu. Kila kundi lipewe gunia moja la taka, na gunia hilo lirudi Kunduchi. Kuzika taka mchangani ni kumwachia bahari kazi ya kuzifukua.

Samaki wa kuchoma huuzwa kisiwani, na si vibaya kumnunua, maana ni riziki ya vijana wa pale. Lakini muuzaji aulizwe samaki ametoka wapi, na mnunuzi amtazame. Samaki aliyepigwa baruti aghalabu huwa na nyama iliyolegea, uti wa mgongo uliovunjika na damu iliyovilia tumboni. Mwalimu akimkataa samaki wa namna hiyo mbele ya wanafunzi wake, na akaeleza sababu, atakuwa amefundisha somo lisilo katika kitabu chochote.

Ndani ya maji kanuni ni chache. Anayesimama asimame juu ya mchanga. Anayeogelea asishike chochote, kwa faida ya viumbe na kwa faida yake, kwani wako wenye miiba mirefu, na wako samaki wenye sumu wanaojifanya mawe. Jongoo bahari, kiti cha pweza na kombe hubaki walipo, hata lile linaloonekana tupu, kwa maana ndani yake huenda amehamia kaa. Nahodha aombwe kufunga chombo kwenye boya lililopo, na pasipo na boya atie nanga mchangani, mbali na mwamba. Nanga moja ikiburutwa huvunja kazi ya matumbawe ya miaka mingi.

Mzigo wa kurudi nao ni madaftari yaliyojaa. Kabla ya safari, wanafunzi wafundishwe majina: bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, ngalawa na mashua. Wakiwa Kunduchi, kabla ya kupanda chombo au baada ya kushuka, wapewe saa moja ya kuzungumza na mvuvi mzee, awaeleze palivyokuwa alipokuwa kijana na palivyo sasa. Nataka saa hiyo isikatwe hata kama muda umebana. Bila mvuvi, watoto watarudi wakidhani kwamba kisiwa kilitengwa kwa ajili ya starehe yao; wakimsikiliza, watajua nani aliyelipa. Waliporudi shuleni, waandike walichokiona, wachore, na wawasomee wazazi wao.

NENO LA MWISHO

Najua pingamizi zilizoko. Mtasema fedha hakuna. Ni kweli, shule zetu hazina fungu la boti. Lakini shule inayoweza kuchangisha sherehe ya mahafali yaweza kuchangisha boti kwa watoto 30, na ofisi inayofanya karamu ya mwisho wa mwaka katika ukumbi wa kukodi yaweza kuhamishia nusu ya gharama hiyo baharini. Kwa shule isiyoweza kabisa, ufuko wa Kunduchi wenyewe ni darasa, na kupwa kwa maji hakutozwi nauli.

Mtasema tena kwamba wengine wanaharibu, na kundi moja lenye adabu halitabadili kitu. Nasema litabadili, kwa sababu mhifadhi ni mmoja na wageni ni wengi. Siku ambayo wageni wenyewe watamwambia mwenzao, "Ndugu, shuka hapo juu ya mwamba," ndiyo siku ambayo eneo tengefu litakuwa limepata walinzi wa kutosha.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba nchi hii inajitwika dhamana ya kuwatunza wanyamapori na makazi yao kwa ajili ya warithi wetu. Watu wengi husikia tamko hilo wakamfikiria tembo. Tumbawe, mnyama mdogo asiyeonekana vema kwa macho, limo katika dhamana hiyo hiyo, na warithi waliokusudiwa ndio hawa walioko madarasani mwenu kesho asubuhi.

Naomba basi kila mwalimu aliyepo, kabla ya muhula huu kwisha, amtafute nahodha na amuulize juu ya mwezi na pepo, aandike barua ya ruhusa, na achague watoto 30 wa kwanza. Na kila mtumishi wa umma atakayekwenda Mbudya na jamaa yake alipe ada yake, avae jaketi lake, arudi na taka yake, na ampe mkono mvuvi wa Kunduchi kabla hajapanda gari kurudi mjini.